Kumfuata Harry Lauder: kutoka Portobello hadi Hamilton

Kabla ya kuondoka

Ratiba hii inafuata maisha ya Harry Lauder, mwimbaji na mchekeshaji wa Uskoti, kwa mpangilio alioishi, si kwa mpangilio wa ramani. Ramani ingekushauri uone Hamilton yote na Strathaven kwa siku moja, maana ni majirani. Usikubali. Hamilton aliyoingia mgodini akiwa kijana na Hamilton aliyozikwa zimetenganishwa na miaka zaidi ya 60, na katikati yake kuna Glasgow, London, Marekani na kaburi la mwanawe huko Ufaransa. Anayeruka katikati hiyo hurudi na yule Lauder wa kadi za posta tu: mzee mfupi mwenye kilti (sketi ya kiume ya Kiskoti) na fimbo iliyopindapinda. Mtu mwenyewe alifundwa na mgodi wa makaa ya mawe, na wimbo wake uliodumu kuliko zote ulitoka kwenye msiba. Kwa hiyo utapita njia moja mara mbili. Vumilia.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Uingereza, ambayo inamtosha kwa Uskoti pia, na viza ya Schengen kwa siku ya Ufaransa. Hakikisha viza ya Uingereza inakuruhusu kuingia tena baada ya kutoka, la sivyo utakwama Lille. Asiye na Schengen aache siku ya sita, ingawa ndiyo siku nzito kuliko zote.

Msimu mzuri ni mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni. Mchana ni mrefu na visubi wa Argyll, eneo la siku ya nane, hawajawa wengi. Agosti iepuke, kwa sababu ni mwezi wa matamasha Edinburgh na bei za vyumba hupaa.

Siku ya 1: Portobello na Musselburgh

Kutoka Princes Street, katikati ya Edinburgh, panda basi namba 26 la Lothian. Dereva harudishi chenji, kwa hiyo gusa kadi ya benki au shika nauli kamili. Shuka Portobello High Street karibu na ukumbi wa mji. Hapo kuna bustani ndogo ya kumbukumbu ya Lauder, iliyofunguliwa tarehe 4 Agosti 2001, siku yake ya kuzaliwa.

Kutoka bustanini rudi nyuma kuelekea magharibi, ulikotoka na basi, mpaka Bridge Street. Namba 3 ilikuwa nyumba ya babu yake mzaa mama, na humo Lauder alizaliwa tarehe 4 Agosti 1870, kifungua mimba wa watoto saba. Kuna bamba la kumbukumbu. Ni makazi ya watu, hivyo piga picha ukiwa barabarani, usigonge mlango.

Hatua chache kuelekea baharini utaona matanuri mawili ya matofali yenye umbo la chupa. Baba yake, John Lauder, alikuwa mfinyanzi, na wageni wengi huondoka wakiamini kwamba haya ndiyo matanuri ya baba. Siyo. Moja lilijengwa 1906 na jingine 1909, wakati huo John alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 20 na mwanawe alikuwa nyota. Lakini yatazame kwa makini, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ileile. Ukuta wa nje unaouona ni kama bomba la moshi. Chumba cha kuchomea kimo ndani yake, na kati ya kuta hizo mbili mchomaji aliweza kutembea na kulisha makaa kwenye midomo ya moto. Vyombo vilipangwa ndani ya makasha ya udongo mgumu ili moshi na majivu visiviharibu. Moto ukipandishwa haraka kabla udongo haujakauka sawasawa, maji yaliyobaki hugeuka mvuke na chombo hupasuka, na kazi ya wiki nzima ikawa vigae.

Musselburgh usikae sana. Sensa ya 1871 inaionyesha familia ikiishi Newbigging, sehemu ya Inveresk, na mtaa bado upo, lakini cha kuona ni kidogo. Rudi Edinburgh na basi lilelile. Barabara inayoitwa Sir Harry Lauder Road ni ya magari yanayoipita Portobello kando. Haina faida kwa mtembea kwa miguu.

Siku ya 2: Arbroath

Mwaka 1882 John Lauder alipata kazi ya ufinyanzi Whittington Moor, karibu na Chesterfield huko Uingereza. Hakukaa sana akafa kwa homa ya mapafu. Mjane wake, Isabella, alibaki na watoto saba, mkubwa wao ana miaka 11. Alikwenda kwa ndugu zake Arbroath, na wewe unakwenda huko leo.

Treni ya kwenda Aberdeen inaondoka Edinburgh Waverley na kufika Arbroath kwa muda wa karibu saa moja na nusu. Kaa upande wa kulia. Utavuka daraja la Forth la 1890, kisha daraja la Tay la 1887, halafu reli inabana pwani mpaka mwisho.

Arbroath ya wakati ule iliishi kwa kitani: nyuzi, vitambaa na turubai za matanga ya meli. Harry aliingia Gordon's Mill kwa mpango wa nusu kazi, nusu shule, ambao sheria ya viwanda ya wakati huo iliuruhusu kuanzia miaka 10. Kwa maneno mazuri ulikuwa mpango wa kuwasomesha watoto wa maskini. Kwa vitendo mtoto alisinzia darasani kwa uchovu wa kiwandani. Vumbi la kitani liliingia kifuani, na kwenye usokotaji wa maji nguo zilibaki zimelowa kutwa nzima.

Hapahapa ndipo alipoimba mbele ya watu na kushinda saa katika shindano. Alikuwa bado mtoto, na hakuna aliyefikiri kuwa kuimba kungeweza kulisha watu nane.

Kabla ya kuondoka nenda bandarini ukale samaki wa moshi wa mji huu. Ni hadoki waliofungwa wawiliwawili mikiani, wakatundikwa juu ya moto wa magogo ndani ya pipa lililofunikwa. Wale wakiwa moto. Wakipoa, ladha hupungua.

Jioni panda treni ya moja kwa moja hadi Glasgow Queen Street. Lala Glasgow, siyo Edinburgh, la sivyo asubuhi ya kesho itakwisha kwenye mabehewa.

Siku ya 3: Hamilton na Larkhall

Treni za Hamilton zinapita Glasgow Central, lakini kwenye majukwaa ya chini ya ardhi, siyo yale makubwa ya juu. Wengi hukosa treni wakitazama ubao usio wao. Shuka ngazi zilizoandikwa Low Level na utafute treni inayopita Hamilton Central. Ni nusu saa hivi.

Familia ilihamia hapa 1884. Kaka yake Isabella, Alexander, alimtafutia Harry kazi katika mgodi wa Eddlewood kwa shilingi 10 kwa wiki, nusu pauni ya siku hizo. Alifanya kazi ya migodini kwa takriban miaka kumi. Mgodi umefungwa zamani na Eddlewood sasa ni mtaa wa nyumba kusini ya mji. Usitarajie mnara wala shimo.

Hata hivyo usiipite siku hii juujuu, maana bila mgodi Lauder haelezeki. Katika migodi ya Lanarkshire kijana aliweza kuanzia kwenye milango ya hewa. Hewa safi ilishuka kwa shimo moja na kutokea jingine, na milango ya mbao ndiyo iliyoilazimisha izunguke mpaka kwenye nyuso za makaa, walipokuwa wachimbaji. Mtoto aliketi gizani, akifungua mlango kila gari la makaa likija na kuufunga likishapita. Akisinzia na mlango ukabaki wazi, hewa hukata njia ya mkato, upande wa mbali hukosa pumzi na gesi hujikusanya. Taa moja tu hapo inatosha kuua watu wengi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuongoza farasi wadogo wanaovuta magari, kisha kuchimba, wakati mwingine mtu amelala ubavu kwa sababu tabaka la makaa ni jembamba.

Sauti inayosikika kwenye santuri zake ilizoea kuimba mahali pa namna hii: nzito, wazi, kila neno limetamkwa mpaka mwisho. Wachimbaji wenzake walimsikia na ndio waliomsukuma aende jukwaani. Wakati wote wa umaarufu wake aliendelea kuwatetea, hasa kuhusu mateso ya farasi wa migodini, na alizungumza kama mtu aliyewashika mwenyewe. Wanaosema alikuwa bahili (na Marekani nzima ilicheka vichekesho vya ubahili wake, vingine alivitunga mwenyewe) wakumbuke pia shilingi 10 kwa nyumba ya watu wanane.

Mwezi Juni 1891 alimwoa Ann Vallance, binti wa msimamizi wa mgodini, ambaye watu walimwita Nance. Mwana wao pekee, John, alizaliwa Novemba mwaka huohuo.

Mchana endelea na treni hadi Larkhall. Tawi hili la reli lilifungwa kwa miaka mingi na kufunguliwa tena Desemba 2005, kwa hiyo vitabu vya zamani vya wasafiri vinakwambia uchukue basi. Larkhall ndipo Lauder alipolipwa kwa kuimba kwa mara ya kwanza: shilingi 5. Pima hesabu hiyo: nusu ya mshahara wa wiki aliouanza Eddlewood, kwa usiku mmoja, juu ya ardhi.

Siku ya 4: Glasgow

Leo ni ya miguu. Anzia Stockwell Street. Hapa ulisimama ukumbi wa Scotia, ambao baadaye uliitwa Metropole na kuteketea kwa moto 1961. Baa yenye jina la Scotia bado ipo mtaani. Mwenye ukumbi, Christina Baylis, alikuwa na usiku wa kila wiki ambapo yeyote aliruhusiwa kupanda jukwaani na kujaribu. Lauder alijaribu. Mama Baylis hakumpa mkataba. Alimshauri akazunguke na kundi la waimbaji kwenye kumbi ndogo mpaka apate uzoefu. Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko mkataba: ziara ndiyo iliyomtoa mgodini, na kufikia 1894 kuimba kulikuwa kazi yake.

Tembea dakika chache hadi Trongate, kwenye Britannia Panopticon, ukumbi wa burudani wa 1857 ambao ni mkongwe kuliko wote uliobaki duniani. Upo ghorofani, juu ya maduka, na unaendeshwa na watu wa kujitolea, hivyo angalia siku za kufunguliwa kabla ya kwenda na ubebe nguo nzito. Ndani tazama upana wa jukwaa, kisha tazama mabenchi ya mbao na baraza la juu linalozunguka kama kiatu cha farasi. Mtu wa kiti cha mwisho yuko karibu na mwimbaji kiasi cha kumrushia kitu, na walirusha kweli: mafundi wa meli walikuja na ribiti, misumari minene ya chuma, mfukoni. Hakukuwa na maikrofoni. Mwimbaji alikuwa na mstari mmoja au miwili tu ya kuwashika watu kabla hawajaanza kupiga kelele.

Lauder aliupanga wimbo kwa mazingira haya, na mpango wake haukubadilika sana maisha yake yote. Alianza kwa kutembea. Anaingia polepole, fimbo mkononi, watu wanacheka hajasema neno. Kisha beti ya kwanza, fupi, inayomtambulisha mhusika: baharia, mpenzi, mlevi mpole, mkulima. Kiitikio chepesi. Halafu muziki unashuka na anazungumza, dakika kadhaa za maneno na kicheko chake cha kuambukiza, hadithi yenyewe ikiwa humo. Beti ya pili. Kiitikio tena, sasa ukumbi mzima unaimba naye na yeye anaupigia mdundo kwa fimbo. Wimbo mmoja uliweza kula robo saa. Wengi waliomuiga walichukua kilti na fimbo wakaacha mazungumzo ya katikati, ndiyo maana waliboa.

Malizia Hope Street, kwenye Theatre Royal, ambao sasa ni nyumba ya opera ya Uskoti. Msimu wa Krismasi wa 1905 Lauder aliongoza hapa mchezo wa sikukuu uitwao Aladdin, na kwa ajili yake akatoa "I Love a Lassie", alioutunga pamoja na Gerald Grafton. Kabla ya hapo alikuwa mchekeshaji anayefahamika. Baada ya hapo alikuwa jina la nchi nzima. Miaka mitano baadaye, ukumbi huuhuu, alileta "Roamin' in the Gloamin'".

Kuhusu fimbo: kuna aina ya mti wa hazeli ambao matawi yake hujisokota kama kizibuo. Uligunduliwa kwenye ua wa shamba huko Gloucestershire katika karne ya 19, na wauza miche wa nchi zinazosema Kiingereza huuita fimbo ya Harry Lauder mpaka leo. Ukiona kichaka cha namna hiyo bustanini wakati majani yamepukutika, utaelewa mara moja.

Siku ya 5: London

Treni kutoka Glasgow Central, majukwaa ya juu safari hii, hadi London Euston huchukua saa nne na nusu hivi. Nunua tiketi wiki kadhaa mapema. Bei ya siku hiyohiyo inaweza kuwa mara kadhaa zaidi.

Lauder alishuka London Machi 1900 na kuimba katika ukumbi wa Gatti's, Westminster Bridge Road, kusini mwa mto. Jengo lilibomolewa 1950, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda. Cha kujua ni alichobadilisha. Waskoti waliomtangulia walishindwa London kwa sababu ya lugha. Yeye alipunguza Kiskoti kizito na kubakiza lafudhi na maneno machache yanayojieleza yenyewe, kama mwimbaji wa Lamu anayekwenda kuimba Dar es Salaam na kuchagua maneno ya kikwao yatakayonoga bila kufumba. Kufikia hapo alikuwa akiimba hata nyimbo za Kiayalandi, na mmoja wao ulikuwa kati ya zilizompatia London.

Hapa pana lawama isiyopaswa kufichwa. Mshairi Hugh MacDiarmid alimchukia waziwazi, akiona kwamba amewauzia Waingereza Mskoti wa kuchekwa. Lawama ina uzito, maana kilti, ubahili na wiski vikawa ndiyo Uskoti mzima kwa watu wa mbali. Lakini wachimbaji na wafanyakazi wa viwandani waliojaza kumbi zake Glasgow hawakuona wanachekwa. Waliona mwenzao.

Nenda Cambridge Circus ulitazame jengo la Palace Theatre. Tarehe 1 Julai 1912 Mfalme George V alikaa humo kutazama wasanii wa kumbi za burudani, onyesho la kwanza la aina hiyo kuamriwa na ufalme, na Lauder alikuwamo. Mwaka mmoja kabla alikuwa akilipwa dola 1,000 kwa usiku Marekani.

Kisha tembea Shaftesbury Avenue, na hapa uwe mwangalifu. Kuna ukumbi uitwao Shaftesbury Theatre mwisho wa mtaa kaskazini, na watu huupiga picha wakidhani ndimo Lauder alimokuwa akiimba msiba ulipomfika. Huo ulijengwa 1911 kwa jina jingine, na ukapewa jina la Shaftesbury 1963. Ule wa Lauder ulikuwa katikati ya mtaa, upande wa kituo cha zimamoto cha Soho, na uliharibiwa na mabomu 1941. Humo, mwishoni mwa 1916, alikuwa nyota wa onyesho lililoitwa Three Cheers. Tarehe 1 Januari 1917 alipokea simu ya maandishi: mwanawe, Kapteni John Lauder, ameuawa tarehe 28 Desemba. Siku tatu baadaye alirudi jukwaani. Onyesho lile lilikuwa na wimbo wa kuwashangilia askari wanaorudi nyumbani na ushindi, na ilimbidi auimbe.

Siku ya 6: Ovillers, Ufaransa

Treni ya chini ya bahari inaondoka St Pancras na kufika Lille kwa karibu saa moja na nusu. Fika stesheni saa moja na nusu kabla, kwa sababu pasipoti hukaguliwa na nchi zote mbili palepale London. Ufaransa iko mbele kwa saa moja. Lille ina stesheni mbili, Europe unaposhuka na Flandres unapopandia treni ya kwenda mji wa Albert, na kati yake ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kutoka Albert hadi kijiji cha Ovillers-la-Boisselle ni kilomita tano au sita. Chukua teksi, na patana na dereva saa ya kurudi kabla hajaondoka. Hakuna teksi za kusubiri barabarani huko.

Makaburi ya kijeshi ya Ovillers yana askari zaidi ya 3,400, na zaidi ya 2,400 kati yao hawajulikani majina. John Lauder yuko sehemu ya I, safu A, kaburi la 6. Daftari la majina huwekwa ndani ya kisanduku chenye mlango wa chuma ukutani, karibu na lango. Lisome kwanza, kisha hesabu safu. Mawe ni ya urefu mmoja na upana mmoja, kapteni na askari wa kawaida sawasawa.

John alisoma Cambridge na kutumikia kikosi cha 8 cha Argyll and Sutherland Highlanders. Mapigano makubwa ya Somme, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yalikuwa yametangazwa kwisha Novemba 1916. Yeye aliuawa wiki sita baadaye, katika kile ambacho taarifa za jeshi huita kipindi cha utulivu. Alikuwa na miaka 25.

Juni 1917 baba yake alikuja hapa. Alikuwa akizunguka kuwaimbia askari karibu na mstari wa mbele, na piano ndogo kwenye gari ili aweze kuimba popote watakapokusanyika: shambani, hospitalini, kwenye handaki. Mwaka huohuo alianzisha mfuko wa kutafuta pauni milioni moja kwa ajili ya askari na mabaharia wa Uskoti waliopata ulemavu, ili warudi kwenye maisha ya kazi badala ya kuombaomba. Mwaka 1919 alipewa cheo cha Sir. Hakuna mwimbaji wa kumbi za burudani aliyekuwa amekipata kabla yake.

Ukiwa na saa ya ziada, tembea hadi shimo la Lochnagar, La Boisselle, lililochimbuka kwa baruti asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916. Usitoke nje ya njia mashambani. Wakulima wa hapa bado hulima mabomu yasiyolipuka.

Siku ya 7: Kurudi Glasgow

Ni siku ya reli tupu, Albert hadi Lille, Lille hadi London, London hadi Glasgow. Itumie kusikiliza.

Santuri zake za kwanza ni za 1902, kwa kampuni ya Gramophone and Typewriter. Ni kampuni hiyohiyo ambayo baadaye, kwa alama ya His Master's Voice, ilimrekodi Siti binti Saad mjini Bombay 1928. Tofauti ni kwamba Siti alikuja enzi ya maikrofoni. Mpaka 1925 Lauder aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati. Nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora nta. Aliyeimba kwa upole hakusikika, na aliyepayuka akikaribia mno aliifanya sindano iruke. Sahani ya inchi 10 ilibeba dakika tatu hivi, ya inchi 12 nne na kidogo. Wimbo wa robo saa ulikatwa, na mazungumzo ya katikati ndiyo yaliyoumia. Kwa hiyo unaposikiliza, jua kwamba unasikia mifupa ya onyesho.

Ukinunua santuri zenyewe, ambazo Glasgow hupatikana kwa bei ndogo, usiziweke kwenye sindano ya santuri za kisasa. Mfereji wa zamani ni mpana karibu mara tatu, sindano nyembamba hutambaa chini kabisa, kwenye uchafu, na utasikia mkwaruzo tu. Nunua sindano ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Sahani zilizorekodiwa mapema haziendi kasi ya mizunguko 78 kamili. Ukisikia Lauder amekuwa na sauti nyembamba ya haraka, punguza kasi mpaka usemaji uwe wa binadamu. Na zibebe zikiwa zimesimama. Zikilazwa chini ya mzigo hupasuka.

Kuna wimbo mmoja ambao huenda umeusikia kwenye televisheni bila kumjua mwenyewe. "Keep Right On to the End of the Road", alioutoa miaka ya 1920, ulizaliwa na kifo cha John. Unasema endelea na safari mpaka mwisho wa barabara, hata ukichoka. Mwaka 1956 winga Mskoti Alex Govan aliwaimbia wenzake wa Birmingham City njiani kuelekea fainali ya Kombe la FA, mashabiki wakaushika. Fainali walifungwa 3-1 na Manchester City. Wimbo wameushikilia mpaka leo.

Siku ya 8: Dunoon na Glenbranter

Treni hadi Gourock, dakika 45 hadi 50, kisha feri ya abiria inayovuka hadi Dunoon kwa dakika 25 hivi. Feri hii ni ndogo na husitishwa upepo ukivuma vibaya. Ikisitishwa usirudi Glasgow. Kuna kivuko kingine cha magari kutoka McInroy's Point, kilomita chache kando ya pwani, kinachoteremka Hunters Quay, na chenyewe huvumilia mawimbi zaidi.

Lauder aliishi Dunoon kwa miaka mingi katika nyumba ya Laudervale, kusini ya mji kwenye barabara ya Innellan. Nyumba haipo tena. Nenda moja kwa moja Glenbranter, kwa barabara ya A815 inayopita ubavuni mwa ziwa Eck. Mabasi ni machache sana. Piga picha ya ratiba ya kurudi kituoni Dunoon kabla ya kupanda, maana bondeni simu hupoteza mtandao.

Shamba la Glenbranter alilinunua 1916, kwa matumaini kwamba John atarudi kuliishi. Baada ya vita aliachana nalo, likaingia mikononi mwa idara ya misitu 1921, na miti unayoiona mlimani ndiyo mwendelezo wa kazi hiyo. Lakini kabla ya hapo alijenga mnara wa kumbukumbu ya mwanawe juu ya kilima kidogo karibu na Invernoaden, umezungushiwa uzio, unaonekana kutoka barabarani. Ann alipofariki Julai 1927 alizikwa hapo, kando ya mnara wa mtoto ambaye mwili wake uko Ufaransa. Ni mwaka huohuo Edinburgh ilipompa Lauder heshima ya raia huru wa jiji.

Kati ya Mei na Septemba visubi huamka asubuhi na jioni, hasa hewa ikitulia baada ya mvua. Fika saa sita mchana kukiwa na upepo, vaa mikono mirefu, na nyasi zimelowa karibu mwaka mzima, hivyo viatu viwe vya kuzuia maji.

Siku ya 9: Strathaven na makaburi ya Bent

Strathaven haina reli tangu 1965. Nenda na basi kutoka Hamilton, na ukimwambia dereva unakokwenda tamka "Streivn". Pembezoni mwa mji kuna Lauder Ha', nyumba aliyojenga miaka ya 1930 alipostaafu na kuishi na mpwa wake Greta, aliyemtunza. Usiingie bila ruhusa. Kwa wakati huo alikuwa amevuka Atlantiki kwenda Marekani mara 22, akizunguka huko na treni yake mwenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alitoka kwenye mapumziko, akaimba tena kwa askari na redioni, umri umeshapita 70.

Alifariki Lauder Ha' tarehe 26 Februari 1950, akiwa na miaka 79. Mazishi yalifanyika tarehe 2 Machi katika kanisa la Cadzow, Hamilton, na watu walijaa barabarani.

Rudi Hamilton uende Bent Road. Nafasi yake ilikuwepo kule Glenbranter, karibu na mkewe na mnara wa John, lakini hakulala huko. Yuko Bent, katika eneo la familia, pamoja na mama yake Isabella na ndugu yake George. Makaburi ni mapana, kwa hiyo uliza wahudumu kabla ya kuanza kutafuta. Ukimaliza, stesheni ya karibu ni Hamilton West, na treni za Glasgow hupita hapo mpaka usiku.